Taa ya Metwalli wa Sindano

Izbat Shandid, 2 Aprili 1987

Kwa mdogo wangu Zaghlul, huko Baghdad,

Salaam aleikum. Sisi wazima, nyati wetu wa maziwa mzima, mama magoti yanamuuma na bado anakataa kuchomwa sindano na mwanawe. Anasema, "Nilikuzaa mimi, hutanichoma wewe."

Nina shida moja. Unajua kazi yangu ya zahanati haiishi jua linapozama. Mtu akizidiwa usiku, wenyewe hawaendi mjini kutafuta daktari, wanakuja kunigongea mlango mimi. Napanda baiskeli ya marehemu baba, na njia ni ileile ya ukingoni: mfereji mkono huu, mpunga mkono huu, punda wawili hawapishani. Taa yangu ni ile ya dinamo unayoijua. Nikikanyaga kwa nguvu inawaka njano, nikipunguza mwendo inakuwa nyekundu, nikisimama inazimika. Yaani pale hasa ninapotaka kuona, mlangoni kwa mgonjwa, ndipo inaponikimbia. Na kwa kuwa haimuliki kitu, njia nzima napiga kelele kama tulivyofundishwa tangu wadogo: "Ni mimi, Metwalli wa sindano! Ni mimi, Metwalli!" ili anayekuja asiniparamie na aliyekaa gizani asishtuke. Nikifika koo limekauka, naongea kwa ishara.

Mwezi uliopita niliingia mferejini, mimi na baiskeli na sanduku la dawa. Mimi nilitoka, dawa hazikutoka. Niliyekuwa namwendea ni mzee mmoja wa pumu kule mkiani, mfereji unapoishia. Nilifika kumepambazuka, nimelowa chapachapa, wakanipa kahawa isiyo na sukari, ile ya matanga. Niliinywa nikarudi. Mzee yule, Zaghlul, nilikuwa na dawa yake mkononi mwangu.

Wewe umo ndani ya duka la baiskeli. Nichagulie taa. Sitaki makuu: iwe ya betri, isizimike nikisimama, inioneshe njia hatua ishirini mbele. Basi.

Sasa mkeo anataka kusema. Amekaa mlangoni anachambua dengu. Yeye anasema, mimi naandika.

*

Mume wangu, mwana wa ami, ni mimi Insaf. Shemeji, andika kama ninavyosema, usipambe. Umeandika hiyo? Haya.

Mpunga wako unakufa. Shamba letu liko mkiani, na wa juu wanafungua maji kwa zamu yao na kwa zamu yetu. Yanayotufikia ni tope la kunywesha vyura. Kwa hiyo nalifungua lango letu la maji usiku. Ndiyo, naiba maji. Wote wenye mashamba mkiani tunaiba, usinikunjie uso kutoka Baghdad. Ila sasa mkaguzi wa maji kapewa pikipiki mpya, taa yake nyeupe, kali, unaiona ingali mbali kule darajani. Akikukuta langoni anakuandika, na ukiandikwa mara mbili lango lako linatiwa kufuli msimu mzima. Mimi nimeshaandikwa mara moja. Kwa hiyo tukiuona ule mweupe tu, mguu niponye. Taa ya njano inayotetemeka hatuijali, hiyo ni ya mtu wetu. Juzi nimekimbia mpaka nikapoteza ndara moja. Shemeji anacheka badala ya kuandika. Mwambie aninunulie ndara. Na mwambie arudi, nimechoka kuzungumza na mume kwa mkono wa kaka yake.

Kakako, Metwalli
Mkeo, Insaf (dole gumba la wino, na mkato wa mundu katikati)


Baghdad, 6 Mei 1987

Kwa Daktari Metwalli, bingwa wa makalio ya wilaya nzima,

Salaam aleikum, na mkono wa mama naubusu. Mwambie akubali sindano, la sivyo nitatumiwa magoti yake huku kwa posta.

Kaka, umenitia kazini. Jana jioni Abu Sinan, mwenye duka, alifunga mlango tukazipanga taa zote juu ya meza, tukazima umeme. Ya kwanza dinamo tena, ya Kijerumani, nzuri, lakini nayo ukisimama inakufa. Hapana. Ya pili ndiyo hiyo uliyoitaka: betri mbili nene, kioo kidogo. Nikaiwasha. Kaka, kimulimuli angeionea huruma! Inamulika tairi la mbele na heshima kidogo. Abu Sinan akasema, "Mpelekee hiyo, inamtosha mpanda baiskeli. Inampa njia yake na haimchomi macho mwenzake." Huyo mzee ana maneno.

Mimi nikaenda stoo nikaileta ya tatu. Ni taa ya pikipiki, Metwalli. Ya pikipiki yenyewe! Nimeitengenezea kibano cha kuikamata usukani wako, na betri yake inakaa kwenye fremu ndani ya mfuko wa ngozi. Nikaiwasha, ukuta wa mwisho wa duka ukawa mchana, paka akaruka juu ya rafu. Nikasema basi, hii ndiyo. Kaka yangu mtumishi wa serikali, anaokoa roho za watu, halafu aende na kimulimuli?

Binti ya ami, wewe ndiye uliyenipa wazo. Nilivyosoma habari za huyo mkaguzi na mweupe wake nikasema, alaa! Yeye nani? Kama mkaguzi ana mwanga mweupe, mtoto wa baba yetu Darwish naye awe nao. Watu wauone tangu darajani waulize, nani huyu anayekuja? Huyo ni Metwalli, taa yake katumiwa na Zaghlul.

Na kelele zako kaka sasa basi. Pumzisha koo. Taa itakuombea njia.

Vitu vyote anavileta Fawzi, yule fundi wa kupaka chokaa wa kwetu, anarudi huko mwezi ujao. Taa iko ndani ya sanduku, nimelipigilia misumari asichokonoe. Ndara za Insaf ziko kwenye karatasi peke yake, atamkabidhi mwenyewe mkononi. Za buluu, zina ua juu. Binti ya ami, usikimbie nazo, tembea nazo.

Likizo nimeomba tena, tajiri wa kile kiwanda kilichonileta huku, ninakolala, bado kashika pasi zetu zote za kusafiria. Nivumilieni.

Wenu, Zaghlul


Izbat Shandid, 9 Julai 1987

Kwa mdogo wangu Zaghlul,

Salaam aleikum. Fawzi amefika salama. Taa nimeipata. Ina nguvu sana. Ahsante. Mama anakuombea.

Mpunga umepata maji.

Mkeo naye anakuandikia hapa chini.

*

Kwa mume wangu mpenzi, nuru ya macho yangu,

Baada ya salamu zisizo na idadi, napenda kukujulisha kuwa mimi ni mzima wa afya na sina wasiwasi isipokuwa shauku ya kukuona. Ndara zimefika na zimenipendeza mno. Usiwe na haraka ya kurudi. Fanya kazi yako kwa utulivu, Mungu akuzidishie. Mimi sina ninachokihitaji.

Kakako, Metwalli
Mkeo, Insaf (dole gumba la wino)


Baghdad, 14 Agosti 1987

Metwalli,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nikacheka, nikasema leo mke wangu kameza kamusi. Mara ya tatu nikalitazama lile dole gumba chini ya taa ya duka. Mara ya nne nilikaa chini.

Kovu liko wapi? Insaf alijikata na mundu siku ya mavuno ya kwanza ya ndoa yetu, mimi ndiye niliyemfunga kitambaa. Barua zake zote ninazo, na kila kidole kina ule mstari katikati. Kidole hiki ni kizima. Kovu la mundu huliponyi kwa sindano, daktari.

Na hakusema "usipambe". Miaka miwili hajawahi kuacha kukwambia usipambe. Na eti nisiwe na haraka ya kurudi! Mwanamke ambaye kila barua ananitukana kwa kutorudi!

Nimewauliza watu wa kwetu waliofika juzi. Mmoja alikumbuka kwamba ana chai jikoni. Mwingine alisema, "Muulize kaka yako."

Basi nakuuliza. Amerudi kwao kwa hasira? Kama karudi kwao sema, nitamtumia wazee. Amepata mtu? Na kama amepata mtu, Metwalli, mwanamume aliyekuwa akikaa naye mlangoni na kumwandikia maneno yake ya siri ni mmoja tu. Unaona umenifikisha wapi? Nililala juzi nikiota nakunyonga. Niliamka nikakuomba radhi moyoni, kisha nikaikumbuka ile barua, nikaufuta msamaha.

Dole lile ni la nani? Ni lako?

Niandikie kweli. La sivyo nitatoroka bila pasi nije kwa miguu, na nikija sitakuja na salamu.

Zaghlul


Izbat Shandid, 20 Septemba 1987

Zaghlul, ndugu yangu,

Dole lile ni langu. Insaf amekufa. Alikufa usiku wa tarehe 21 Juni, katika mfereji, penye lango letu. Tumemzika ubavuni mwa baba. Hakuna mwanamume, Mungu ni shahidi, hakuna lolote kati yetu ila barua zako. Ningependa iwe ulivyoota wewe. Ungeninyonga, mambo yangekwisha.

Nitasema yote. Naandika kama ananisimamia.

Fawzi alifika jioni ile. Sanduku nililifungua peke yangu zizini, misumari ikanichubua. Nikaifunga taa kwenye usukani, juu ya ile ya dinamo. Baada ya isha wakanigongea: mkulima mmoja wa mkiani kaumwa na nge. Nikachukua sindano, nikatoka, nikaiwasha.

Zaghlul, niliona kila kitu. Niliona mashimo ya njia yote, vyura, macho ya mbwa ng'ambo ya pili. Miaka kumi na nne napita njia ile na sikuwahi kuiona. Na kwa mara ya kwanza maishani sikupiga kelele. Nilikumbuka maneno yako nikayapenda. Nikafumba mdomo nikapita.

Watu walikuwa malangoni wakiiba maji. Nikawaona wanainuka, wanatupa majembe, wanakimbia ndani ya mpunga. Nilijua wananidhani mkaguzi. Usije ukajidanganya kwa kunihurumia, nilijua. Neno moja tu lingetosha, "Ni mimi," wangenitukana wakarudi kazini. Sikulisema. Nilinyoosha mgongo. Mtu wa kugongewa mlango usiku, wa kuitwa Metwalli wa sindano, mama yake mwenyewe hamtaki, leo watu wanamkimbia. Niliona raha.

Penye lango letu kulikuwa na ndara mbili juu ya ukuta, zimepangwa sawasawa, za buluu, zina ua. Taa ilizimulika vizuri sana. Fawzi alimkabidhi yeye mwenyewe, mimi sikuwa nimeziona, na maneno ya barua yako hayakunijia pale. Nikajiuliza ni za nani. Alizivua zisilowe, Zaghlul. Pale pale kivuli kikaruka, na maji yakalia. Nikasema moyoni, mwache aogope kidogo, kesho nitajua ni nani nimtanie. Nikapita. Nilikuwa na mtu wa nge.

Lango lilikuwa wazi, yeye mwenyewe kalifungua. Maji yalimvuta chini ya lango.

Mbele kidogo kitu kikanichoma moyoni. Sikurudi kutazama. Nilichofanya ni kuizima taa, nikawasha dinamo, nikafika kwa mgonjwa nikipiga kelele kama siku zote. Yule wa nge alipona. Nilikunywa chai kwake, glasi mbili. Nikarudi alfajiri nikawakuta watu langoni wameinama, na mama yuko katikati yao amekaa chini kwenye tope. Magoti yale yaliyomkatalia kupanda ngazi yalimfikisha mpaka pale.

Wakasema ni mkaguzi. Wote waliuona mwanga mweupe. Taa niliifukia chini ya majani ya nyati. Siku ya tatu vijana walimngoja mkaguzi darajani, wakaichoma pikipiki yake, wakamvunja mkono. Walimleta kwangu. Nilimfunga mkono ule kwa mikono hii, na yeye analia anasema, "Metwalli, naapa usiku ule nilikuwa nyumbani na wanangu, hakuna anayeniamini." Nikamwambia nyamaza, mkono usicheze.

Wakubwa zake wamefungua lango letu, kwa kuogopa fujo. Ndiyo maana nilikwambia mpunga umepata maji. Hilo lilikuwa kweli.

Nilikuficha kwa sababu nilijua utasema wewe ndiye uliyeichagua taa. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili nilitaka abaki mtu mmoja duniani ambaye kwake Insaf angali hai. Niliandika ile barua nikajaribu kuzungumza kama yeye, nikashindwa. Miaka miwili nimeandika maneno yake na sikuyajua hata moja.

Wa mkiani bado hawajui. Mkaguzi bado anatembea na mkono wake shingoni.

Metwalli


Baghdad, 25 Oktoba 1987

Metwalli, karatasi hii si yako. Ichukue makaburini umsomee mwenyewe, kwa sauti, kama ulivyokuwa ukimsomea mlangoni.

*

Binti ya ami, ni mimi Zaghlul.

Abu Sinan amenikalisha nje ya duka, kaniletea kahawa isiyo na sukari. Nimeinywa. Sasa nimeamini.

Uliniambia. Barua yako iko hapa mkononi: tukiuona ule mweupe tu, mguu niponye. Ya njano hatuijali, hiyo ni ya mtu wetu. Umesema kwa kinywa chako na kidole chako kiko chini yake. Nimeisoma tena leo, na najua nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa nimesimama wapi dukani na nilikuwa nakula nini. Nilicheka. Taa ndogo ilikuwa juu ya meza, karibu kabisa na mkono wangu. Kaka kaiomba hiyohiyo, mzee kaniambia mpelekee hiyohiyo. Nikaenda stoo.

Nilitaka watu waseme, nani huyu anayekuja? Ukasema wewe. Ukajibu mwenyewe: mkaguzi.

Ndara nilikwambia utembee nazo. Hukukimbia nazo. Umenisikiliza kwa hilo moja, mke wangu, na miaka yote hukuwahi kunisikiliza kwa lolote. Nisamehe. Siwezi kuandika zaidi, Metwalli anayesoma ataanza kulia na atakuchosha.

*

Metwalli, sasa wewe. Nilikutukana kwa jambo ambalo hukulifanya, nisamehe hilo. Hili ulilolifanya sijui nitalisamehe lini, wala langu.

Ile taa ifukue. Betri yake ipeleke kwenye mashine ya kusaga ukaijaze umeme. Alhamisi, watu wakitoka kuzuru makaburi na giza likiingia, ifunge kwenye baiskeli ya baba, uiwashe, upite ukingo wote tangu darajani mpaka mkiani. Nenda polepole. Mkaguzi mwite awe darajani aone. Watakimbia kwanza. Wewe piga kelele kama tulivyofundishwa, kila lango, mpaka koo likauke: "Ni mimi, Metwalli! Tarehe ishirini na moja Juni, ni mimi!" Wakitoka mpungani waambie nani aliyechagua taa, na umtaje kwa jina lake na la baba yake.

Watakachokufanya ukipokee. Changu nitakuja kukipokea mwenyewe, pasi wanitolee wasinitolee.

Usipambe.

Zaghlul